Taa ya Shangazi Yako

Saida mwanangu,

Usiingie ndani kwanza. Nyumba iko giza lakini hakuna kilichoharibika. Mie na baba yako tumekaa sebuleni, wazima wa afya, tunakungoja. Kaa hapo kwenye ngazi ya baraza, washa tochi ya simu yako, usome hii barua mpaka mwisho. Najua kichwa kinakuuma kwa misuko mipya na unachotaka ni kitanda tu. Vumilia kidogo. Umekaa kwa msusi Buguruni tangu mchana kichwa kikivutwa huku na huku, kumsoma mama yako hakutakushinda.

Nimeamua kuandika maana nikisema kwa mdomo utanicheka, nitaanza kulia, halafu baba yako atapita kuuliza chumvi iko wapi, na maneno yatakuwa yameishia hapo. Kesho alfajiri unapanda basi la Tunduru. Mwalimu Saida! Nimelitamka peke yangu jikoni leo mara nyingi mpaka jirani akauliza naongea na nani.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji na kutokopesha watu nguo zako sikuandikii. Hayo nimekupigia kelele miaka yote, na kama mpaka leo hayajaingia basi hayaingii tena. Nataka tuzungumze habari ya taa. Ndiyo, taa. Nakusikia hapo ulipo: "Khaa, mama naye! Mtu anasafiri kesho, yeye analeta mambo ya taa." Tulia.

Juzi ulinionyesha picha za chumba ulichopata kule. Kuta nzuri, dirisha zuri, mwenye nyumba mama mtu mzima anayepokea simu kwa adabu. Lakini juu ya kitanda pana litaa likubwa la vioo, limelegea upande mmoja, linaning'inia kama jino la mtoto. Nikakwambia hilo litoke kabla hujalala chini yake. Ukanijibu bila hata kuniangalia, "Nitasogeza kitanda tu, mama. Vitu vya umeme mie sigusi."

Ulilisema kwa wepesi, kama mtu anayesema hali bamia. Mie likanikesha. Najua hofu hiyo imetoka wapi, na najua nani alikupa. Sitaki uondoke nayo kwenye begi.

Unaikumbuka taa ya shangazi yako? Swali gani hilo. Nani katika nyumba hii anaweza kuisahau. Tulipohamia hapa Yombo nyumba haikuwa na rangi, madirisha tumeziba kwa mabati, wifi yangu akaja na boksi kubwa kuliko yeye mwenyewe. "Wifi," akasema, "sebule bila taa ya maana ni stoo." Akatoa dude lina matawi ya dhahabu ya uongo, shanga za plastiki mpaka chini, na balbu ndogondogo zilizokuwa zinaungua kila kukicha. Dari letu lenyewe la chini. Baba yako kila akisimama kuvaa kanzu lilikuwa linamgonga utosini. Kumbikumbi walipotoka wakaingia mle wakafia mle. Nikawa nakula ubwabwa huku nimefunika sahani kwa mkono.

Nikamwambia baba yako tuitoe. Akasema, "Dada atajisikiaje?" Nikamwambia dada yake hakai hapa, anayekula na kumbikumbi ni mie. Akanyamaza. Baba yako akinyamaza ujue jibu ni hapana lakini anaogopa kulitamka. Basi nikawa nangoja siku yangu.

Siku yenyewe ilifika mchana mmoja baba yako akiwa amekwenda kufuata mbao. Nilikuwa kwenye cherehani ya umeme, nashona sare za harusi ya watu, taa ya sebuleni inawaka maana wingu lilikuwa limetanda. Mita ya luku ikalia pii, pii, uniti za umeme zikaisha, cherehani ikasimama sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Wewe ulikuwa darasa la tatu, ndiyo kwanza umetoka shule, sketi ya shule hujavua. Nikakuita nikakwambia, "Kimbia kwa wakala pale kona, kaninunulie umeme." Ukakimbia.

Nikatazama juu. Umeme hakuna, mume hayupo, wifi hayupo. Nikasema moyoni, wewe dude, leo unashuka.

Sasa nisikilize hapa, maana hili ndilo kosa letu sie tunaoishi na umeme wa kuja na kuondoka. Tumezoea kukatikiwa mpaka tunadhani umeme uliokatika ni sawa na umeme uliozimwa. Ukikatika ndiyo tunapanda, tunafungua, tunakaza, tunachomoa. Tunasema "umeme haupo" kama tunavyosema mtu hayupo, amesafiri. Kumbe hajasafiri popote. Kasimama nje ya mlango, na mlango hukuufunga. Kuzima unazima wewe kwa mkono wako. Kukatika kunakatika kwa sababu za watu wengine, na kunarudi wakitaka wao.

Mie sikuzima chochote. Ile meni swichi ya kuzimia nyumba nzima ilikuwa juu, hata kuitazama sikuitazama. Swichi ya ukutani nayo ilikuwa imewashwa vilevile kama uniti zilivyoiacha. Nikapandisha stuli ya plastiki juu ya meza ya kioo. Naomba usicheke. Stuli juu ya meza ya kioo, mama wa watu mnene mnene, kanga kiunoni, na kisu cha kupakia siagi badala ya bisibisi. Nikalegeza skrubu, nikachomoa nyaya, mkono mmoja umeshika waya mtupu, mwingine umekumbatia chuma cha lile dude lisiniangukie. Kwa wakala huwa kuna foleni ya kufa mtu. Nilijua utachelewa.

Siku hiyo foleni haikuwepo.

Na wewe ukafanya anachofanya mtu yeyote wa mtaa huu akirudi na namba za umeme. Nani huwa anagonga hodi kuuliza aingize au asiingize? Aliyezileta ndiye anayeziingiza, papo hapo, kabla hajavua viatu. Tena ni mie niliyekufundisha. Nilikusifu mbele ya majirani kwamba mwanangu hakosei hata namba moja. Ukasimama juu ya lile tofali ulilozoea, hapo hapo barazani karibu na ulipokaa sasa, ukabonyeza namba kwenye luku.

Sitakueleza umeme ukikukamata unakuwaje, sina maneno, na wala sitaki uwe nayo. Nakumbuka meno yangu yaligongana. Nakumbuka meza ikipasuka. Nilipofika chini mkono wa kushoto ulikuwa umelala vibaya, na nikawa napiga ukelele, "Umeniua! Jamani umeniua! Umeniua!"

Na wewe wakati huohuo ukawa unaingia mlangoni mbio, risiti mkononi, uso wote unacheka, unaita, "Mama, umerudi! Mama, umerudi!"

Nilikuona umesimama. Halafu majirani wakajaa, nikabebwa, sikukuona tena mpaka kesho yake.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, nami nikupe ya upande wangu. Nilifungwa plasta, sare za harusi zikamaliziwa na fundi mwingine, nikawa mkali kwa kila mtu kwa sababu sikuwa na la kufanya. Wewe ukawa mtoto mwema wa kutisha. Unaosha vyombo bila kuambiwa, unanimenyea machungwa, unanifunga kanga. Watu wakasema, mtoto huyu ana huruma! Mie nikajivuna. Nikasema, kweli, huyu nimemzaa mie.

Kumbe ulikuwa unaomba msamaha. Nami nilikuwa nakula machungwa.

Shangazi yako alipokuja kunitazama, akasikia kisa, akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo kila mgeni anayeingia anaonyeshwa wewe: "Huyu mnamwona? Ndiye aliyemrusha mama yake kwa umeme!" Watu wanacheka, wewe unacheka, mie nacheka kuliko wote. Miaka yote hiyo. Na miaka yote hiyo ukitumwa umeme unanunua, unakuja unamkabidhi baba yako karatasi. Baba yako hayupo, unamngoja. Nikawa nakutania kwamba wewe na luku kama paka na maji. Nikadhani ni uvivu, kisha nikadhani ni madaha, kisha nikazoea, sikufikiri tena.

Mpaka juma lililopita niliporudi kutoka msibani Mabibo. Nakuta nyumba giza tororo, umekaa sebuleni kwenye kochi kama mgeni, namba za umeme ziko kwenye simu yako tangu asubuhi, na samaki wangu wote kwenye friji wameoza. Nilivyofoka unajua. Nikakuuliza una vidole au huna. Ukasema, polepole, "Siwezi, mama. Nikibonyeza nakusikia."

"Unanisikia nasema nini?"

"Umeniua."

Halafu ukacheka kidogo, ukasema unaenda kuoga. Na mie nikabaki na samaki mkononi.

Saida. Mama yangu wewe. Nisikilize vizuri, na kama unalia futa machozi usome upya sentensi hii isikupite. Mie sikuwa nakusema wewe. Nilikuwa nausema umeme. Umeme umeniua. Nimelala chini, mwili wote unanguruma, wa kumlaumu wa kwanza ninayemjua ni ule uliokuwa bado unatetemeka mkononi mwangu. Sikujua hata kama wewe umefika. Wewe umeita "umerudi", nami sikuudhika kwamba unaniambia mie nimerudi, si ndiyo? Nilijua unausema umeme. Lako nililielewa. Langu wewe ukalibeba, ukiwa na sketi ya shule na risiti mkononi, ukaenda nalo mpaka chuo cha ualimu. Neno moja tu! Sasa wewe ndiye mwalimu, kawaeleze watoto wa Tunduru kwamba hako ka "u" kadogo kanaweza kuwa mtu na kanaweza kuwa umeme, na anayesikia asipouliza kanamtafuna.

Lakini ulikuwa mtoto, si wa kuuliza wewe. Wa kuuliza nilikuwa mie. Nilikuuliza kama umekula, nilikuuliza kama umefanya kazi za shule, nilikuuliza nani kamaliza sukari. Sikukuuliza hata siku moja, siku ile ulisikia nini? Hilo linaniuma kuliko mkono. Mkono baridi ikija unanisumbua, nausugua na mafuta ya nazi, basi. Hili halina mafuta.

Na tuseme kweli tupu. Hata kama ningekuwa nakusema wewe, ningekuwa mwongo. Aliyepanda ni mie. Aliyekutuma ni mie. Aliyeacha meni swichi juu ni mie, kwa haraka ya kumficha mume na kumkomesha wifi. Wewe ulitumwa kuleta umeme, ukaleta. Hukukosea hata namba moja.

Sasa lile litaa la Tunduru. Usisogeze kitanda. Ukisogeza kitanda leo, kesho utasogeza kabati, na mwisho utaishi pembeni ya chumba chako mwenyewe. Ukifika, mwambie mwenye nyumba kwa upole kwamba taa imelegea na unataka itolewe, maana nyumba ni yake, na atafute fundi umeme anayemwamini. Akija fundi, usikimbilie nje. Simama umtazame. Nataka ujue anachofanya, ili hofu isipate pa kukaa.

Nitakwambia nilivyoona mie. Plasta ilipotolewa lile dude lilikuwa bado linaning'inia kwa waya mmoja, nikamwita Fundi Kasimu wa mtaa wa pili. Nikamwambia sitaki ufanye kimyakimya, nataka kuona, maana hii taa na mie tuna kesi. Alianza kwenye meni swichi. Akaishusha mwenyewe, akabandika tepu juu yake, akatangaza nyumba nzima kama muadhini: "Mtu asiguse hii mpaka niseme!" Baba yako akasema kwa hiyo hata kuchaji simu haiwezekani, akaambiwa haiwezekani. Kisha akatoa testa, ile bisibisi yenye kataa kadogo ndani. Mwanzoni kabla hajazima chochote alikuwa ameichomeka kwenye soketi yenye umeme, ikawaka. Nikamuuliza ya nini. Akasema, angejuaje kama testa yenyewe ni nzima? Testa iliyokufa inasema kila waya ni salama. Ndipo akapanda, ngazi ya miguu minne, si stuli, akagusa waya mmoja mmoja. Rangi za nyaya alisema ni za kumsaidia, si za kumwamini, kwa sababu hajui aliyetangulia alikuwa na akili gani siku hiyo.

Baba yako nikampa kazi ya kuikumbatia taa kutoka chini isivute nyaya. Alisimama pale kama kabeba bibi harusi, shanga zote zinamwagikia usoni, kumbikumbi wakavu wanaingia kwenye kola. Hiyo furaha yangu siwezi kuieleza. Fundi akachomoa, kila ncha akaifunga kwa konekta yake na tepu yake, mbalimbali, zisikutane, akazisukuma juu akafunika tundu kwa kifuniko cha plastiki. Akashuka, akahesabu watu kwa macho, ndipo akasema haya, washeni.

Siku hiyo wewe ulikuwa shule. Mie makusudi nilichagua uwe shule, nikidhani nakukinga. Kumbe ningekungoja urudi, nikushike mkono, uone kwamba taa inashuka na mama yako haanguki. Nalo hilo ni kosa langu, liweke kwenye fungu.

Sasa ndiyo nakwambia kwa nini nyumba iko giza.

Mchana wa leo nimepiga pasi nguo zako zote. Zote, Saida, mpaka taulo, mpaka vitambaa vya mkononi, mpaka soksi za baba yako ambazo hata haendi nazo popote. Nilikuwa nasubiri uniti ziishe. Zimeishia kwenye gauni lako la bluu, kola moja imenyooka, nyingine haikuwahi. Umeme nimeshanunua. Namba ziko nyuma ya karatasi hii, nimeziandika kwa wino mweusi, kubwa kubwa, kama ninavyoandika vipimo vya kiuno. Baba yako ameshaniuliza kama nimerukwa na akili, mpira unaanza na televisheni haina moto. Nimemwambia akae. Amekaa.

Mie nimekaa kwenye mkeka. Chini kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kuanguka. Mikono yote miwili iko mapajani, haijashika kitu. Juu yangu kuna ile taa ndogo nyeupe tuliyoweka baadaye, na swichi ya ukutani nimeiwasha. Hakuna mtu yeyote katika nyumba hii anayegusa waya. Nimehakikisha, na nimemfanya baba yako naye ahakikishe, amenung'unika lakini amezunguka vyumba vyote.

Basi simama, mwanangu. Tofali lile halipo tena, na hulihitaji, umekuwa mrefu kunipita. Ingiza namba. Ukikosea, rudia, hakuna haraka. Taa ikiwaka usiingie kimya. Piga ukelele kama siku ile, kwa sauti ileile, majirani wasikie, baba yako aruke kwenye kochi: "Mama, umerudi!" Siku ile sikukujibu. Leo nitakujibu. Nitasema, "Umerudi, mwanangu, ahsante," na utaingia, utaniona mzima, tutakula, nitakunyooshea ile kola iliyobaki.

Halafu nenda Tunduru, Mwenyezi Mungu akutangulie. Na likizo ikifika, nitakaposikia kitasa cha geti, mie ndiye nitakayetoka mbio mlangoni nikipiga kelele mtaa mzima usikie: umerudi! Umerudi! Na hapo, Saida, usiulize namsema nani. Nitakuwa nakusema wewe.

Mama yako,
hapa ndani, gizani, anasikiliza vidole vyako.